Msiwafutie wanafunzi wa uhasibu falsafa na historia

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya yule mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anasomea digrii ya uhasibu lakini karibu mwaka wa kwanza wote umeishia kwenye falsafa, historia, fasihi na uandishi, na anauliza hela yake ya ada inaenda wapi. Namuelewa kabisa, ada inauma. Hata sisi tulivyokuwa chuoni hayo tulikuwa tunayaita masomo ya kujazia, mwalimu anafundisha mbele na sisi tuko nyuma tunamalizia maswali ya leja. Sasa nina miaka mingi kwenye ukaguzi wa hesabu na ningependa huyu mzazi anisikilize kabla hajamhamisha mtoto.

Watu wengi wanadhani uhasibu ni kujumlisha. Kujumlisha programu inafanya, hata uchakavu, yaani thamani ya mali inavyopungua kila mwaka, inaupiga yenyewe ukishaiambia hilo gari litatumika miaka mingapi, lakini hiyo miaka mingapi anaiambia nani? Ni mtu, anakadiria, anatoa sababu zake, anaziandika, halafu anakuja mwingine kumbishia. Deni hili litalipwa au ndo limeshapotea? Kesi iliyoko mahakamani tuiwekee akiba kwenye vitabu au tuitaje tu kwenye maelezo ya hesabu? Debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, zinakuja baada ya hapo.

Nitoe mfano mmoja wa kazini. Kampuni tuliyokuwa tunakagua ilikuwa na mauzo makubwa sana siku chache kabla ya kufunga mwaka, invoisi ipo, hati ya kupokea mzigo imesainiwa, tarehe zinakubaliana, kijana wetu mmoja akaweka tiki akaendelea na kazi nyingine na kwa kweli hesabu zilikuwa zimebalansi vizuri tu. Binti mwingine, mgeni kabisa kazini, akaomba mkataba wenyewe akausoma mpaka mwisho. Ukurasa wa 9, katikati ya aya ndefu inayochosha, kuna sentensi moja inasema mnunuzi anaweza kurudisha bidhaa zote ambazo hajaziuza ndani ya siku 90. Basi hapo kila kitu kikabadilika, kwa sababu chini ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mapato kilichoanza kutumika 2018, mapato unayaandika kwa kile tu unachotarajia hakitarudi, na kile unachotarajia kitarudi unakiweka kwenye dhima, yaani madeni ya kampuni, kama hela ya kumrudishia mteja. Faida ya mwaka ikashuka, na menejimenti hawakufurahi hata kidogo.

Nikamuuliza yule binti alijuaje pa kutafuta. Akanambia hakujua, ila kwenye somo la historia walizoeshwa kwamba ukipewa andiko lolote unauliza kwanza nani kaliandika, kamuandikia nani na anataka usiangalie wapi, na yeye mikataba anaisoma hivohivo. Lile jibu mpaka leo sijalisahau. Mi ningemfundisha viwango vyote vya uhasibu na hilo nisingeweza kumpa kwa wiki mbili za mafunzo kazini.

Na kesi kubwa zilizoangusha makampuni nyingi zimekaa hivohivo, kwenye maana ya neno. Kampuni ya simu ya WorldCom huko Marekani mwaka 2002 ilikiri kwamba gharama zaidi ya dola bilioni 3.8, nyingi zikiwa malipo kwa makampuni mengine kwa kutumia laini zao, iliziandika kama mali wakati yalikuwa matumizi ya kawaida. Hapo hakuna hesabu ngumu, ni swali la gharama ni nini na mali ni nini. Aliyeongoza timu ya wakaguzi wa ndani walioifichua, Cynthia Cooper, ilibidi yeye na wenzake wafanye sehemu ya kazi usiku ili wasishtukiwe, wakati mabosi wanawaambia waache kwanza. Somo la maadili halimpi mtu ujasiri kwa kumfundisha nadharia, hilo nakubali, ila angalau anakuwa ameshawahi kukaa darasani akalijadili swali la kumkatalia bosi kabla halijamfika kweli akiwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Hata Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya kuandika hesabu za pande mbili, aliyaweka ndani ya kitabu kikubwa cha hisabati, na baadaye akawa mwalimu wa hisabati wa mchoraji Leonardo da Vinci. Hayo mambo hayakuwahi kuwa mbalimbali kama tunavyoyatenganisha sasa.

Ila mzazi ana hoja kwenye muda, sitaki kumdanganya. Marekani kwa mfano digrii ya kwanza huwa ni krediti 120 (hizi ni vipimo vya masomo, si zile za leja) na anayetaka leseni ya CPA, yaani ya mhasibu aliyethibitishwa, kwa muda mrefu amedaiwa 150, kwa hiyo kila somo la nje linabana nafasi ya kodi, ukaguzi au hesabu za gharama. Na kuna vyuo vinayafundisha haya masomo ovyo, watu mia tatu ukumbini, mtihani wa kuchagua jibu, basi. Hayo kweli ni kujazia.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, muombe mwanao akuoneshe kazi moja tu aliyoandika kwenye hayo masomo. Angalia kama mwalimu ameipitia kweli, sentensi zimekatwa, pembeni pameandikwa ushahidi uko wapi, au hii haifuati na ile uliyosema juu. Ukiona hivyo mwache asome. Ikiwa imerudi na alama tu bila neno hata moja, hapo nenda kalalamike chuoni na mi nakuunga mkono.

Mkaguzi wa hesabu, msomaji wenu wa kila siku