Kontrola ya akiba tulikuwa nayo, leseni hatukuwa nazo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini, maana huu ndio wakati taasisi zetu za huku Mbeya zinafunga makadirio ya bajeti ya Julai, na ninajua kwenye fungu la mtandao kuna mstari mmoja ambao mhasibu ataukata: leseni za kontrola ya akiba. Mwaka juzi kwetu ulikatwa, nami nikanyamaza.

Kwa asiyeifahamu, kontrola ni mashine inayoviongoza vile visahani vyeupe vya Wi-Fi mnavyoviona darini. Mipangilio, nywila, chaneli, vyote kisahani hupewa na kontrola. Chuo ninachofanyia kazi kina visahani 64, na leseni, yaani kibali cha kontrola kuhudumia kisahani, inahesabiwa kwa kisahani, kichwa kwa kichwa.

Januari hii ilipiga radi ya usiku, zile za upande wa mlima Loleza zinazotikisa mabati, pawasaplai, yaani sehemu inayoipa umeme kontrola kuu, ikaungua. Saa 1:40 asubuhi napigiwa simu kwamba ukumbi wa mtihani hauna mtandao. Sikuhangaika. Kontrola ya pili ilikuwepo, imefungwa, inawaka taa ya kijani.

Kumbe ilinunuliwa na leseni 25, kile kifurushi kidogo kilichokuwa kwenye nukuu ya bei. Ikawa kama daladala za Mwanjelwa jioni: aliyewahi ndiye aliyekaa. Visahani 25 vikaingia, 39 vikabaki vinapepesa taa. Na viliwahi vipi? Cha jikoni, viwili vya stoo, vya korido za mabweni. Ukumbini, hata kimoja. Tena hivyo vilivyobahatika havikufanya kazi papo hapo, kwa sababu kontrola ya akiba ilikuwa na toleo la zamani la programu. Kila kisahani kilichohamia kilianza kupakua toleo hilo, kikajizima, kikawaka upya.

Mzee wa manunuzi akaja kusimama mlangoni. “Kijana wangu, si mlisema hii ya pili ndiyo itakayotuokoa?” Nilikosa la kumjibu. Hati ya mapokezi niliisaini mimi, na idadi ya leseni imeandikwa pale pale ukurasa wa pili.

Kilichotutoa siku ile ni kitu kidogo. Ndani ya kontrola zetu kuna sehemu ya kipaumbele, ngazi nne, na huja ikiwa imezimwa. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Nikaiwasha, nikavipandisha visahani vya ukumbi hadi ngazi ya juu kabisa, navyo vikaingia na kuvisukuma nje vya ngazi ya chini. Saa 3 wanafunzi wakaanza mtihani. Mpishi akapiga simu kulalamika kwamba jikoni hakuna Wi-Fi.

Sasa wanaoandika zabuni wajue kwamba akiba zipo za namna mbili, na bei zake hazifanani. Kuna jozi: mashine mbili za aina moja, toleo moja la programu, ya pili ikifuata kila hatua ya ya kwanza na kutumia leseni za mwenzake. Ikianguka moja, visahani haviachi kazi. Kuna na ile inayosimama kando ikisubiri yeyote atakayeanguka. Hii hugharimu kidogo ukiwa na kontrola kadhaa, ila visahani hulazimika kuhama na kujiunga upya, na leseni zake ni lazima uziulize mapema. Cisco, kwa mfano, iliuza kontrola maalumu za akiba zisizohitaji leseni zake zenyewe: zilibeba visahani kwa siku 90, kisha zikaanza kutoa onyo. Ya kwetu haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa kontrola ya kawaida tuliyoibatiza jina la akiba.

Jambo jingine, hili silitetei hata kidogo: kontrola zote mbili zilikuwa kabati moja, UPS (betri ya dharura) moja, swichi moja ya kuunganishia nyaya za mtandao. Radi ingeongeza nguvu kidogo tu tungezizika pamoja. Ya akiba sasa ipo jengo la maktaba, na leseni 39 zimeshanunuliwa, kwa bei ya dola ya mwaka huu badala ya ile ya mwaka juzi.

Siku hizi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, watu wakiwa kanisani, nachomoa waya wa kontrola kuu na kushika saa. Mara ya mwisho vilihama visahani 63 kati ya 64. Kimoja anwani ya kontrola ya akiba niliiandika vibaya, tarakimu mbili zimepishana. Kipo darini kwa mhasibu.

Fundi wa mtandao,
Uyole, Mbeya