Barua kwa Juma Kuhusu Pikapu na Tela la Nyumba

Area C,
Dodoma.

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi kutoka huku Dodoma, ambako sisi sote ni wazima. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kwamba unataka kununua pikapu kubwa ya Marekani pamoja na tela la nyumba, lile ambalo pini yake ya kuungia hukaa ndani ya bodi ya pikapu badala ya kufungwa nyuma ya bampa, ili wachimbaji wako wa visima wapate mahali pa kulala wakiwa porini kuelekea Itigi. Unasema muuzaji amekuhakikishia kwamba gari linavuta tani 7 na tela lina tani 4.5 tu, hivyo mambo yamekwisha. Kwa maoni yangu hayajaanza.

Wauzaji hupenda kutaja uwezo wa kuvuta kwa sababu ndiyo tarakimu kubwa, lakini kwa tela la namna hiyo kikomo kinachofikiwa kwanza mara nyingi ni kingine. Tela la kawaida hukandamiza nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Hili lako, ambalo pini yake hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, huweka juu ya pikapu asilimia 15 hadi 25. Uzito huo haukokotwi bali unabebwa, na lazima uhesabiwe pamoja na abiria na mizigo.

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo yake. Utakuta lebo yenye herufi GVWR, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa kwa pikapu ikiwa na mafuta, watu na mzigo, na GAWR, kikomo cha kila ekseli. Kikomo cha pikapu na tela kwa pamoja, GCWR, mara nyingi utakipata kwenye kitabu cha mtengenezaji. Tuseme GVWR ni kilo 4,500 na gari tupu lina kilo 3,150: umebakiwa na kilo 1,350. Zile tani 4.5 za tela bila shaka ni za tela tupu. Likishatiwa maji, ambayo kila lita ni kilo moja, pamoja na jenereta, magodoro, vyakula na vyombo vya kazi, si ajabu lifike kilo 5,500, na asilimia 20 ya hizo ni 1,100. Ongeza kilo 80 za bamba la kuungia tela na kilo 230 za dereva na vijana wawili, unapata 1,410. Umezidisha kilo 60 kabla hujapakia hata boksi la spana, ilhali zile tani 7 za muuzaji hujazikaribia.

Fundi atakushauri uongeze majani ya springi. Gari litaacha kuinama, ni kweli, lakini breki, ekseli, fremu na tairi zitakuwa zilezile, na GVWR haitabadilika.

Ukipita mizani ya barabarani ya Nala bila faini, usiichukue kuwa ushahidi kwamba pikapu iko salama. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika kwetu 2019, huruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne, na hizo zinazidi uzito wa pikapu yako nzima. Sheria hiyo inalinda lami. Tumia mizani kwa faida yako: pima ekseli za pikapu tela likiwa limeungwa na kupakiwa, kisha upime pikapu peke yake na watu walewale, na tofauti ndiyo uzito wa pini.

Jambo la breki nalitaja kwa ufupi. Matela mengi ya Marekani yana breki za umeme zinazohitaji kidhibiti ndani ya gari, na bila hicho nisingekushauri ushuke mteremko wa Sekenke hata tela likiwa tupu.

Mimi ningetafuta pikapu yenye tairi nne nyuma na kikomo cha juu zaidi, au tela fupi. Kabla ya kulipa chochote, mwombe muuzaji picha za lebo zote mbili, ya mlango wa pikapu na ya ubavu wa tela, unitumie tupige hesabu pamoja.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Elia