Dreamcast haikustahili mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya historia ya michezo ya video. Niliisoma kwa furaha, maana si kila siku gazeti la Kiswahili hulipa jambo hili ukurasa mzima, lakini nilipofika mwisho nilibaki na kinyongo. Mashine ya Dreamcast, ambayo kampuni ya Sega ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1998, imepewa mstari mmoja tu, na mstari wenyewe unasema kwamba ilishindwa na PlayStation 2 ya Sony ikafa. Kwamba ilishindwa sokoni ni kweli, wala sina ubishi. Lakini anayesema hivyo kisha akaweka kalamu chini amemhukumu mpishi kwa daftari la mwenye hoteli, bila kuonja chakula.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Tanga. Dreamcast yangu niliipata mwaka 2002 kutoka kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, ambako wakati huo watu walikuwa wakiziuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu Sega ilikwisha kutangaza tarehe 31 Januari 2001 kwamba inaacha kuzitengeneza. Ilifika ndani ya begi, imeviringishwa taulo, ikiwa na pedi mbili na diski nne za gemu. Kwa kuwa plagi ya Uingereza na yetu ni ile ile ya miguu mitatu, na mfumo wa rangi wa televisheni za kwao na za kwetu ni mmoja, yaani PAL, niliichomeka ikawaka palepale bila transfoma wala ujanja wowote. Kioo kikawa cheupe, na ile alama yake ya buluu iliyojiviringisha kama gamba la konokono ikatokea.

Tangu hapo nimeifungua mara nyingi, na nyingine kadhaa za watu zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo naijua kwa ndani pia. Ugonjwa wake mkubwa ni kujizima na kurudi mwanzo katikati ya mchezo, na wengi hudhani bodi imekufa, kumbe ni pini zinazounganisha bodi ya umeme na bodi kuu zimeshika kutu nyembamba. Ukizisugua vizuri na kuzipinda kidogo ili zibane, mashine inapona. Ugonjwa wa pili ni betri ndogo ya saa iliyochomelewa ndani, ambayo ikichoka mashine hukuuliza tarehe kila unapoiwasha. Haya ni maradhi ya uzee. Kwa mashine iliyotengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, ninaona ilijengwa na watu walioijali kazi yao: prosesa ya Hitachi SH-4 ya megahezi 200, memori ya megabaiti 16, picha zinazotoka safi hata ukiiunganisha na kioo cha kompyuta, matundu manne ya pedi mbele ili watu wanne wacheze pamoja, na modemu iliyokuja nayo tangu kiwandani, wakati ambao kwa wengi wetu intaneti ilikuwa ni kwenda kulipia dakika kwenye duka la huduma.

Hata kifaa chake cha kutunzia kumbukumbu kilikuwa na fikra ndani yake. Kinachomekwa kwenye pedi, kina kioo kidogo cha rangi moja na vitufe vyake, na ukikichomoa unaweza kukitia mfukoni ukaendelea kucheza. Katika Sonic Adventure unamhamishia humo mnyama mdogo aitwaye Chao, ukamlea njiani. Kinatumia betri mbili za mviringo mfano wa sarafu, na zikiisha, kila unapowasha mashine kinalia mlio mrefu ambao kila aliyewahi kumiliki Dreamcast anaukumbuka.

Hata hivyo, mashine hununuliwa kwa ajili ya gemu zake, na hapo ndipo makala yenu ilipowanyima wasomaji. Sega ilikuwa kwanza kabisa kampuni ya kumbi za michezo, zile zenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mbunifu wake Yu Suzuki ndiye aliyeongoza Hang-On mwaka 1985, OutRun mwaka 1986, na Virtua Fighter mwaka 1993, mchezo wa ngumi uliowaonyesha wengi kwamba mwili wa binadamu unaweza kuchorwa kwa pande zote tatu ukapigana. Mtu huyo ambaye maisha yake yote aliunda michezo ya dakika tatu, alipopewa Dreamcast alifanya kinyume kabisa. Alitengeneza Shenmue, iliyotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1999, gemu inayokwenda polepole kama maisha ya mtaani.

Naomba nikae hapa kidogo. Shenmue inamhusu kijana Ryo Hazuki wa mji wa Yokosuka, mwaka 1986, ambaye baba yake anauawa mbele ya macho yake naye anaanza kumtafuta muuaji. Ungetarajia apigane tangu mwanzo. Badala yake anatembea mitaani akiuliza watu, na kila mtu ana ratiba yake: muuza duka anafungua asubuhi na kufunga jioni, bibi anarudi nyumbani, mlevi anatoka baa usiku. Unaweza kufungua droo za nyumbani kwake moja baada ya nyingine na kukuta vitu vya kawaida tu. Unaweza kuingia kwenye ukumbi wa michezo ukacheza ile Hang-On ya mwaka 1985 yote. Watengenezaji waliingiza hadi kumbukumbu halisi za hali ya hewa ya Yokosuka za majira yale. Suzuki mwenyewe baadaye alitaja gharama ya dola milioni 47, fedha ambazo kwa wakati ule hazikuwahi kusikika katika kazi hii.

Kisha, ili apate habari za genge analolifuatilia, Ryo anaajiriwa bandarini kuendesha foklifti, yaani kigari cha kunyanyulia mizigo. Hii si picha ya kupita. Unafanya kazi kweli: unafika asubuhi, unachukua masanduku hapa unayapanga ghala lile, unapumzika mchana, unarudi, unalipwa jioni kwa hesabu ya ulichobeba. Marehemu baba yangu alifanya kazi bandari ya Tanga kwa miaka mingi, na gemu hakuzipenda, aliziita kelele. Jioni moja alinikuta katika sehemu hiyo, akasimama nyuma yangu kwa muda, halafu akavuta stuli akakaa. Hakusema kitu mpaka kijana alipopewa mshahara wake. Akaniambia, "Huyu aliyeitengeneza amewahi kukaa bandarini." Tangu siku ile alikuwa akiniuliza Ryo amefikia wapi. Katika miaka yangu yote ya kushika pedi sijaona gemu nyingine iliyomheshimu mpakia mizigo kiasi hicho, na mimi kama mtoto wa bandari siwezi kuliacha lipite kimya.

Nyingine nitazitaja kwa kifupi, ingawa haziko chini. Jet Set Radio ya mwaka 2000 ni ya vijana wa Tokyo wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu na kuchora kuta kwa rangi ya kupuliza, wakikimbizwa na polisi, na picha zake zimepakwa rangi bapa na kuzungushiwa mstari mweusi mithili ya katuni za gazetini. Leo mtindo huo umeenea kote, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa ameufikisha kwenye mashine ya nyumbani kwa ufasaha ule. Crazy Taxi ilitoka moja kwa moja kwenye kumbi za michezo, kwa kuwa Sega ilizijenga mashine za kumbi zenye mfumo wa Naomi na Dreamcast kwa mchoro unaofanana, na kwa hiyo kilichochezwa kwa sarafu kilifika sebuleni kikiwa kizima. Abiria wake humwongezea dereva fedha kila anapoyapita magari mengine kwa wembamba wa unywele. Vijana wa hapa mtaani ambao hawakujua neno la Kiingereza waliielewa gemu hiyo kwa dakika moja, bila maelezo.

Skies of Arcadia, pia ya mwaka 2000, ni safari ya maharamia wanaosafiri kwa merikebu zinazopaa baina ya visiwa vilivyoning'inia angani. Mtayarishaji wake alikuwa mama mmoja, Rieko Kodama, aliyeanza Sega kama mchoraji katika miaka ya 1980 na kushiriki kuunda Phantasy Star ya mwaka 1987. Alifariki mwaka 2022, na ningependa mabinti zetu wanaosomea kompyuta walijue jina lake. Sisi watu wa mwambao, tuliokua tukihadithiwa majahazi na pepo za kusi na kaskazi, hatuhitaji kufafanuliwa raha ya gemu ambayo kazi yako ni kutweka tanga na kugundua kisiwa ambacho ramani haikukionyesha.

Na ipo Phantasy Star Online, iliyotoka Japani Desemba 2000, ambayo iliwaunganisha wachezaji wa nchi mbalimbali kwa simu ya mezani. Watengenezaji walijua kwamba Mjapani na Mjerumani hawataelewana, wakaweka orodha ya maneno na sentensi: unachagua kwa lugha yako, mwenzako anasoma kwa lugha yake, iwe Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania. Kiswahili hakikuwamo. Mimi niliicheza pasipo mtandao, peke yangu, na bado ilinitosha. Wapenzi wake wanaendelea kukutana humo hadi leo kupitia seva zinazoendeshwa kwa kujitolea.

Kwa nini basi ilishindwa? Sababu nyingi zilikwisha kupandwa kabla haijazaliwa. Sega iliwauzia wateja wa Mega Drive, mashine yake ya awali, viambatisho vya gharama, Mega-CD na 32X, kisha ikaviacha. Saturn, mashine yake iliyofuata ya mwaka 1994, ilikuwa na prosesa kuu mbili zilizowasumbua waandishi wa programu, na kule Marekani ilitolewa ghafla Mei 1995 bila maduka mengi kuandaliwa, jambo lililowaudhi wauzaji. Dreamcast ilipokuja, imani ilikwisha kupungua. Ilianza vizuri Marekani, ambako zaidi ya mashine 225,000 ziliuzwa siku ya kwanza, tarehe 9 Septemba 1999, lakini kampuni kubwa ya gemu za michezo ya Electronic Arts ilikataa kuitengenezea chochote, PlayStation 2 ikaja ikiwa inacheza pia filamu za DVD, na ulinzi wa diski za Dreamcast ukavunjwa mwaka 2000 kiasi kwamba aliyekuwa na kompyuta ya kurekodia sidii aliweza kunakili gemu nyumbani. Mashine milioni 9 na ushei ndizo zilizouzwa duniani. Mwenyekiti wa kampuni, Isao Okawa, akiwa mgonjwa, aliipa Sega hisa zake zenye thamani ya takribani dola milioni 695 na kuisamehe madeni yake ili isizame, akafariki Machi 2001. Mwaka ule ule Sonic, mhusika maarufu wa gemu za Sega, alikuwa akichezwa kwenye mashine za Nintendo, mpinzani wake wa miaka yote.

Kwetu mambo yalikuwa mepesi zaidi kuelezea: vibanda vya gemu vilijaa PlayStation kwa sababu watoto walitaka soka, na mwenye kibanda hawezi kununua mashine ambayo haitengenezwi tena. Sina lawama kwa yeyote. Ninachokataa ni hesabu hii ya mauzo kugeuzwa kuwa hukumu juu ya kazi yenyewe. Mwaka 2015 Suzuki alipowaomba watu wachangie mwendelezo wa Shenmue, walitoa zaidi ya dola milioni 6, na gemu hiyo ya tatu ikatoka mwaka 2019, miaka 18 baada ya mashine yake ya kwanza kusitishwa. Watu hawachangii kiasi hicho kwa kitu kilichoshindwa.

Ombi langu ni kwamba mkirudia mada hii, mwipe Dreamcast na gemu za Sega angalau nusu ukurasa, na mwandishi wenu azicheze kwanza kabla hajaandika. Nafahamu si rahisi kuipata mjini. Yangu ipo karakana, pini zake nimezisafisha mwezi uliopita, na stuli ya marehemu baba bado ipo pembeni yake. Akipita Tanga anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, nitamwekea Shenmue na kumwachia pedi hadi afike bandarini.

Wako,
Fundi wa redio na televisheni,
Tanga