Sindano ya jicho isitangulie tarehe ya upasuaji

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu wagonjwa wa sukari huambiwa: "Tutakuchoma sindano ya jicho kwanza, kisha tutakupasua." Wachache huuliza "kisha" hiyo ni lini, na hapo ndipo jicho linapopotelea.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huziba mishipa midogo ya retina, ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Retina ikikosa hewa huotesha mishipa mipya, myembamba, inayovuja damu ovyo, pamoja na utando unaoing'ang'ania. Daktari akikata utando huo damu hutapakaa, asione anachokata. Ndiyo maana jicho huchomwa kwanza sindano ya dawa iitwayo bevasizumabu, miligramu 1.25 ndani ya mililita 0.05. Mishipa husinyaa, damu hupungua, upasuaji huwa mfupi.

Shida ni kwamba utando hausinyai na kuondoka. Hukakamaa, hujikunja, na huivuta retina mpaka ibanduke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia macho 211 yaliyochomwa: katika 11 retina ilibanduka hivyo, au ilizidi kubanduka, kwa wastani siku 13 baada ya sindano. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hupasua ndani ya wiki moja, mara nyingi siku ya 3 hadi ya 5.

Sasa mtu wa Walungu au Kalehe akichomwa leo, akarudi nyumbani kuuza ng'ombe ili apate pesa za upasuaji, siku 13 zinapita akiwa bado sokoni. Tunawaomba wakubwa wa hospitali: gharama ya sindano na ya upasuaji ihesabiwe pamoja. Vipimo vya sukari na presha vifanyike kabla, mashine ya upasuaji ikaguliwe, tarehe iandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa. Bila hayo, sindano ingoje. Upasuaji ukiahirishwa baada ya sindano, mgonjwa asiambiwe tu "rudi mwezi ujao"; retina iangaliwe upya ndani ya siku chache.

Dawa yenyewe inataka baridi ya digrii 2 hadi 8, na isigande. Umeme wetu tunaujua, kwa hiyo kipimajoto kikae ndani ya friji na kisomwe kila siku. Jicho lisafishwe kwa povidoni-iodini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5, sindano iingie kwenye sehemu nyeupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka pale inapokutana na sehemu nyeusi. Aliyepata kiharusi karibuni, au mwenye mimba, aseme mapema.

Ndugu wanaomlea mgonjwa, wekundu kidogo palipochomwa si neno. Ila maumivu yanayozidi, au kuona kukififia ndani ya siku chache za kwanza, huenda ni vijidudu vimeingia ndani ya jicho. Mrudisheni siku hiyohiyo, hata usiku.

Wahudumu wa macho,
Bukavu