Chagos: mbona wenye visiwa hawaulizwi?

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia barua za wasomaji wenzangu kuhusu Uingereza kukabidhi visiwa vya Chagos, huku Bahari ya Hindi, kwa Mauritius, na nashukuru gazeti limetoa nafasi, ila kuna kitu kinanikera na nimeshindwa kukinyamazia. Karibu kila anayeandika anaongelea Waingereza wanasemaje, Wamarekani wanasemaje, China itafaidika vipi, kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza kule kisiwa cha Diego Garcia itakuwaje. Wachagosi wenyewe wanatajwa mstari mmoja hivi mwishoni, halafu basi.

Tuanze na hayo maoni ya wananchi yanayotajwa sana. Ni kweli, tangu makubaliano yatangazwe Oktoba 2024, tafiti za maoni kule Uingereza zimeonyesha wanaopinga ni wengi kuliko wanaounga mkono, na wapo wengine wengi tu wanaosema hawajui. Sawa. Lakini hebu tujiulize, mtu wa Manchester akipigiwa simu kuulizwa habari za Chagos anafikiria nini? Anafikiria hela. Pauni milioni 101 kwa mwaka kwa wastani, miaka 99, za kukodi Diego Garcia ambayo aliambiwa siku zote ni ya kwao, nani atakubali? Serikali yao inasema ukipiga hesabu kwa thamani ya leo ni kama bilioni 3.4, wapinzani wanasema inavuka bilioni 30, na ubishi wote umekwama hapo kwenye tarakimu. Simlaumu yule mlipakodi, hata mimi ningehoji. Ila hayo ni maoni yake kuhusu bili, sio kuhusu nani ana haki na ile ardhi.

Sasa angalia Falkland, visiwa vya kusini mwa Atlantiki vinavyotawaliwa na Uingereza. Machi 2013 wakazi wa kule walipiga kura kama wanataka kubaki chini ya Uingereza, 1,513 wakasema ndiyo na watatu tu wakasema hapana, na tangu siku hiyo kila Argentina ikidai visiwa vile London inajibu kwamba wenyeji walishasema, mjadala umefungwa. Watu kama elfu tatu tu na dunia nzima inatakiwa iwasikilize. Wachagosi waliotolewa kwao kati ya 1968 na 1973 walikuwa kati ya 1,500 na 2,000, sio tofauti kubwa kihivyo, na kura hiyo hawajawahi kuipata hata siku moja. Mwaka 1966 ofisa mkubwa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza aliandika kabisa kwenye karatasi za serikali kwamba kule hakutabaki wenyeji isipokuwa shakwe. Yaani watu waliozaliwa pale, wazazi wao wamezaliwa pale, makaburi ya mababu yako pale, wakaandikwa kuwa ni vibarua wa mkataba tu ili Umoja wa Mataifa usihoji. Hawa ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagaska kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Tofauti yao na watu wa Falkland ni asili na rangi, mimi sioni nyingine.

Na walivyoondolewa ndugu zangu, inauma. Wengine walikuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa tu, walipotaka kupanda meli warudi wakaambiwa hakuna kurudi, visiwa vimeshauzwa, wakabaki bandarini na mabegi yao. Mwaka 1971 kule Diego Garcia wakakusanya mbwa wa watu, mbwa wa majumbani hawa, watoto wamewalea, wakawafungia kwenye kibanda cha kukaushia mbata wakawaua kwa moshi wa ekzosi za magari ya jeshi, na wenye mbwa wanasikia. Nani angebishana tena baada ya hapo? Wakapakiwa melini wamejazana, wengine wakilala juu ya shehena ya mbolea, wakashushwa Mauritius na Shelisheli bila nyumba wala kazi. Fidia ya mwanzo ilikuwa pauni 650,000 na ilipewa serikali ya Mauritius, wao wakaanza kuziona mwishoni mwa miaka ya 70. Mwaka 1982 zikaja milioni nne, na ili mtu apate fungu lake akatakiwa kuweka dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, watu wanaongea Krioli na wengi hawajui kusoma, kumbe kwenye ile fomu wanakana haki ya kurudi kwao. Dole gumba hilo likaja kutumika dhidi yao mahakamani miaka mingi baadaye.

Nisieleweke vibaya. Kwamba Chagos ni sehemu ya Mauritius mimi sina shaka. Uingereza iliimega Novemba 1965, miaka miwili na zaidi kabla Mauritius haijapata uhuru, kwa pauni milioni tatu, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Februari 2019 kwamba kumega huko kulikuwa kinyume cha sheria na Uingereza iondoke. Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura, nchi 116 zikaunga mkono, sita tu zikapinga. Kwa hiyo wanaosema Uingereza inagawa mali yake bure hawasemi kweli, mali haikuwa yake.

Shida yangu ni jinsi makubaliano yenyewe yalivyofanywa. Serikali mbili zimekaa mezani zinagawana nyumba, mwenye nyumba kaachwa barazani. Wachagosi hawakuwa na kiti kwenye mazungumzo. Na wala hawana sauti moja, hilo nalo tulikubali. Olivier Bancoult, aliyezaliwa Peros Banhos, sehemu ya Chagos, na kupigania kurudi mahakamani kwa miaka mingi, ameupokea mkataba, yeye na wengi walioko Mauritius. Lakini Crawley kule Uingereza, ambako Wachagosi wengi wamehamia, kuna watu hawataki kabisa kuwa chini ya Mauritius, wanasema walipokuwa wakiteseka Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, hawakuonekana kama raia. Mei 22, 2025, siku ya kusaini, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walipata zuio la Mahakama Kuu London usiku wa manane, mchana likaondolewa na mkataba ukasainiwa siku ileile. Saa chache hizo ndo nafasi pekee niliyoona mimi ambapo dunia nzima ilisimama kidogo kumsubiri Mchagosi.

Na mkataba unasemaje kuhusu kurudi? Mauritius inaruhusiwa kupanga makazi visiwa vingine, Diego Garcia hapana, na Diego Garcia ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote na ndo walikotoka wengi. Kuna mfuko wa pauni milioni 40 kwa ajili yao, utaendeshwa na Mauritius. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 sasa kavuka 70. Anayetaka kuzikwa alikozaliwa asubiri miaka 99?

Kuna watakaosema ukiruhusu kura ya watu wachache yatakuwa ya Mayotte, na hofu hiyo naielewa, sisi wa ukanda huu tunaijua. Mwaka 1974 Wakomoro kwa ujumla wao walichagua uhuru, Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, ikaibakiza Mayotte kwa sababu huko wengi walikataa, na mpaka leo Komoro inaidai. Lakini swali ninalotaka Wachagosi waulizwe sio bendera ya nani, hilo mahakama imeshalijibu. Waulizwe wanataka kurudi lini na kisiwa gani, fedha za mfuko ziendeshwe na nani, kazi za kule kambini wapewe au wasipewe maana nyingi zimechukuliwa na watu wa kutoka nchi nyingine, uraia wao uweje na watoto wao. Waulizwe wote, wa Port Louis, wa Mahé kule Shelisheli na wa Crawley, kura ya siri, kila mtu kwake. Hilo halimegi nchi ya mtu.

Na hapa nasema na serikali zetu za Afrika. Mwaka 2019 tulipiga kura kwa nguvu dhidi ya Uingereza, vizuri kabisa, lakini nguvu hiyohiyo sijaiona kwa Mauritius. Ni mwenzetu kwenye Umoja wa Afrika, aambiwe kirafiki lakini waziwazi kwamba kurudishiwa visiwa kunakuja na deni kwa watu wa visiwa hivyo. Hata mkataba ukikwama London, au Washington ikibadili tena msimamo, deni hilo liko palepale.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mkiandika tena habari za Chagos msitupe tu tamko la waziri wa Uingereza na jibu la Mauritius. Tafuteni Wachagosi, hata wawili wanaopingana, muwape ukurasa waseme wenyewe wanataka nini.

Msomaji wenu