Fundi taa wa Katonga hakuwa kibarua

Mhariri,

Tunaomba nafasi tumseme kijana wetu, fundi taa wa Katonga, mwalo wa kupokelea samaki hapa Kigoma, aliyelala mzima na asubuhi hakuamka. Alikuwa na miaka 24. Wasifu uliosomwa msibani ulikuwa wa mistari mitano: kuzaliwa, shule, "kibarua wa mwaloni", kifo cha ghafla, basi. Ndugu hatuwalaumu, msiba wa namna hiyo haumpi mtu nafasi ya kuulizia. Ila hilo neno kibarua limetukwama kooni.

Kwa wasioujua mwalo, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, huwasha taa, dagaa wakakusanyika, ndipo wavu unavutwa kutoka chini. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi vipe vingi vina taa za betri. Taa zikififia usiku wa manane, dagaa hutawanyika na kipe kizima hurudi na mafuta ya injini yaliyoungua bure.

Marehemu alikuwa na hesabu yake, na hakuibadilisha kwa ajili ya tajiri yeyote. Betri ya voti 12 na ampea 100, tumia nusu tu. Nusu hiyo inatosha taa za jumla ya wati 50 kwa saa 12, usiku mmoja. Ukiongeza taa nyingine kwa tamaa, betri inakaukiwa kabla ya alfajiri, na ikizoeshwa hivyo haimalizi mwaka. Alipima asubuhi, betri ikiwa imepumzika kwanza: voti 12.7 imejaa, 12.2 nusu imekwenda. Iliyosoma 11.8 aliipokea kimya, akaanza kuandaa bei. Paneli moja ya jua ya wati 100 nayo haiwezi kuirudisha nusu hiyo kwa siku moja. Kwa jua la Kigoma inarudisha umeme wa kuwasha taa hizo kwa muda wa saa 8 hivi, ilhali usiku umekula wa saa 12. Alisisitiza paneli mbili, wenye vipe wakadhani anatafuta biashara.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa maji. Mtu yuko ziwani, betri imepungua maji, anachota kwa kopo na kujazia. Maji ya Tanganyika yana magadi na chumvichumvi, yanaharibu mabamba ya risasi yaliyomo ndani. Yanatakiwa maji ya betri ya dukani, yafunike mabamba kama sentimita 1, na yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla. Betri inapochajiwa maji hupanda. Ukiwa umejaza hadi mdomoni, kinachomwagika ni tindikali, nayo inakula mbao za mtumbwi na suruali za watu. Vichwa vya betri, panapofungwa waya, vikiota ungaunga wa kijani, aliviosha kwa maji yenye magadi huku vizibo vimekazwa, akakausha, akapaka grisi. Fyuzi aliifunga jirani kabisa na betri. Wengi huiweka kwenye taa, lakini waya huchubuka ukingoni mwa mtumbwi, na ukigusana hapo fyuzi iliyo mbele haisaidii kitu.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi walizirundika betri stoo. Betri ya aina hii hupungua hata isipotumika, na ikikaa tupu miezi mitatu mabamba huganda chumvi, haipokei tena chaji. Za kwake alizichaji kwa paneli kila mwezi. Waliomsikiliza waliingia ziwani Agosti bila kununua mpya. (Waliompuuza walimpa kazi pia, tuseme ukweli.)

Kazi hiyo ilimjia kwa mafungu: mbalamwezi, vipe vikiwa vimelala nchi kavu, foleni ilifika barabarani, siku za giza zikiingia, alibaki na daftari. Tungependa familia iyaongeze haya kwenye wasifu kabla ya arobaini. Wakitaka wa kuwasimulia, wako pale pale mwaloni.

La mwisho ni la haraka. Kibandani kwake zimebaki betri tisa. Saba zina karatasi yenye alama ya kipe, tarehe na voti zilizosomwa, na madeni yako daftarini kwa mwandiko wake. Mbili hazina karatasi. Moja kati ya hizo imezibwa tundu moja kwa kizibo cha soda, mwenyewe anaijua. Wenye mali wafike na fedha wanazodaiwa, wamkabidhi mama yake mkononi, wachukue betri zao kabla siku za giza hazijaingia.

Wavuvi na mafundi wa mwalo,
Katonga, Kigoma.