Malalamiko: mliniuzia draivu ya servo, kumbe kilichokatika ni waya

Karakana ya Vipuri,
Eneo la Viwanda,
KISUMU.

Kwa Meneja wa Huduma,
Tawi la Nakuru.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: KUREJESHEWA MALIPO YA DRAIVU AMBAYO HAIKUHITAJIKA

Nadai mnirudishie shilingi 185,000 nilizolipa kwa draivu, kifaa kinacholisha na kuongoza mota, ya mhimili wa X (unaosogeza meza kushoto na kulia) wa mashine yangu ya milingi ya CNC, ile ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Draivu yenu imo kwenye katoni yake. Ile ya zamani, ambayo fundi wenu alitangaza kuwa imekufa, tumeirudisha kabatini na ndiyo inayoendesha mashine ninapoandika barua hii.

Kabla fundi hajafungua kabati la umeme nilimweleza hitilafu ilivyo. Meza ikiwa upande wa kushoto, mashine hukata chuma kutwa bila shida. Ikisogea kulia ikakaribia mwisho, husimama ghafla na kutoa alamu kwamba ishara ya enkoda ya X, kipimaji kinachoiambia mashine meza ilipo, imepotea. Ukibonyeza riseti na kuirudisha meza nyuma kidogo, kazi inaendelea. Hitilafu inayofuata mahali meza ilipo, badala ya muda ambao mashine imekuwa ikifanya kazi, inakuelekeza kwenye kitu kinachojikunja. Draivu imefungwa kwa skrubu ndani ya kabati na haisogei hata kidogo. Kebo ya enkoda ndiyo inayokunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa ndani ya ule mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya.

Fundi hakutoa multimita mkobani. Alisema stima ya Kisumu ndiyo iliyochoma draivu, na kwamba mashine za miaka ya 1980 huishia hivyo. Radi za huku ziwani tunazijua, na sikatai kwamba huchoma vifaa. Lakini neno kama hilo hupimwa kwanza. Fundi wetu wa umeme alipopima baadaye alikuta volti 415 kati ya kila jozi ya fezi kwenye swichi kuu, volti 200 baada ya transfoma, na zile volti 24 za rilei na swichi za mwisho hazikushuka hata spindo, ekseli inayozungusha kikata, ilipokuwa ikizunguka. Stima haikuwa na kosa.

Isitoshe, draivu za X na Y kwenye mashine hii ni za aina moja na zimepangwa sawa. Angezibadilishana nafasi tu. Alamu ikihamia Y, draivu ni mbovu. Ikibaki X, tatizo liko kwenye kebo, mota au enkoda. Jaribio hilo halina gharama ya kipuri hata kimoja, na kabla ya kumwambia mteja atoe pesa kama hizo, lilikuwa deni lenu kwangu.

Draivu mpya ilipofungwa, alamu ilirudi palepale, meza ikiwa kulekule kulia. Tulipowapigia simu mkatuambia huenda mota nayo imeharibika, mkatutumia bei yake. Hapo ndipo tulipochomoa kebo ncha zote mbili, umeme ukiwa umezimwa, tukapima waya mmoja mmoja huku mwenzetu akiikunja polepole. Waya mmoja ulisoma chini ya ohm moja, kama waya mzima. Kebo ilipofika pale mnyororo unapopinda, usomaji ukapotea kabisa. Kebo ikinyooshwa, unarudi. Ganda la nje halikuwa na mkwaruzo. Tulipolichana tukakuta nyuzi za shaba zimekatika, ncha zake nyeusi. Tumeweka kebo laini yenye wavu uliounganishwa na athi, na alamu haijaonekana tena.

Jambo la pili ni betri ya kumbukumbu, ambayo mmeitoza kwenye ankara kama huduma. Fundi aliitoa mashine ikiwa imezimwa. Mitambo ya umri huu hubadilishwa betri ikiwa imewashwa, kwa sababu ikizimwa betri peke yake ndiyo inayoshikilia vipimo vyote vya mashine. Vilifutika. Kilichotuokoa ni karatasi ya kiwandani iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati, imelowa oili, tukaingiza namba moja baada ya nyingine. Mstari wa kufidia mchezo (ulegevu) wa skrubu ya meza ulikuwa hausomeki, ikabidi tuupime upya kwa geji. Wakati huo wateja wetu wa viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando walikuwa wakisubiri kapling zao, viungo vya kuunganishia ekseli, na mmoja alipeleka kazi kwingine.

La tatu linaniuma kuliko pesa. Fundi alizima swichi na papo hapo akaingiza mikono kwenye draivu, huku mwanagenzi wangu akimshikia tochi. Kapasita za ndani hubaki na zaidi ya volti 280 za mkondo mnyoofu kwa dakika kadhaa baada ya kuzima. Kijana huyo ni mtoto wa watu. Mwambieni fundi wenu asubiri, apime, ndipo aguse.

Karakana nyingi huku Kisumu, Nakuru na Eldoret zinaishi kwa mashine za aina hii. Hatuna uwezo wa kununua mpya, na mashine nzima yaweza kuuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya waya mmoja ambao hakuna aliyeupima.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia ninapopata hasara. Naomba pesa za draivu na za huduma ya betri ndani ya siku 14. Zisipofika, nitawasilisha madai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja. Ankara, karatasi ya vipimo vyetu na kipande cha kebo kilichokatika viko hapa karakanani. Mtu wenu akija kuchukua draivu yake ataonyeshwa vyote.

Wako,
Mwenye karakana